Simba Imeshinda au Simba Ameshinda? Majina ya Wanyama Wakali Katika Michezo na Matatizo ya Upatanisho kwa Wanafunzi wa Dadaab

1. Madhumuni

Makala haya yanachunguza suala dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo yake: jina la mnyama mkali linapopewa timu ya mpira au mchezaji, sarufi ya Kiswahili hulichukuliaje? Kanuni inayofundishwa shuleni yajulikana. Kila jina la kiumbe chenye uhai hufuata upatanisho wa ngeli ya A-WA, liwe na kiambishi cha ngeli hiyo au lisiwe nacho. Ashton aliieleza kanuni hiyo katika sarufi yake ya mwaka 1944, na vitabu vya shule vimeirudia kizazi baada ya kizazi. Kanuni yenyewe ni sahihi: simba ananguruma, chui amejificha, mamba wamejianika juani. Hata hivyo, msikilizaji wa redio husikia mara kwa mara kwamba "Simba imeshinda" au kwamba "Simba imeifunga Yanga", na hapana mzawa wa lugha, awe wa Tanga au wa Lamu, anayeshtuka.

Tumeichagua Dadaab kuwa mahali pa kulitazamia suala hili kwa sababu ndipo linapouma. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, katika Kaunti ya Garissa, zilianzishwa miaka ya 1991 na 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia. Mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa, Dadaab ilihifadhi watu zaidi ya 400,000. Shule za kambini zimefuata mitaala ya Kenya, na kwa hiyo Kiswahili ni somo. Lakini mtoto wa huko aghalabu husema Kisomali nyumbani, husoma Kurani kwa Kiarabu katika duksi, na hufundishwa masomo mengine kwa Kiingereza. Kiswahili ni lugha yake ya nne. Kitabu humwambia kwamba simba ni wa A-WA. Matangazo ya kandanda humwambia vingine. Mzawa wa lugha ana sikio la kumwamulia. Mtoto huyu hana, naye hutegemea maelezo. Maelezo yakikosekana, alama inayopotea katika insha ni yake peke yake.

2. Mnyama Yupi Huchaguliwa?

Kabla ya sarufi yafaa tutazame maana. Huenda mtu akadhani kwamba timu hujipa jina la mnyama kwa ajili ya ukali wake tu. Sivyo. Mfugaji wa Garissa anamjua fisi vizuri kuliko simba, kwa kuwa fisi ndiye anayenyemelea zizi usiku na kuondoka na mbuzi. Ni mkali, ana taya za kuvunja mifupa, tena huwinda kwa kundi kama timu inavyocheza. Lakini vilabu vikubwa vya Afrika Mashariki vimejiita Simba na Leopards. Hakuna kilichojiita Fisi. Katika ngano zetu fisi ni mroho na mjinga, mwenye kufuata njia mbili hata akapasuka msamba. Kinachotafutwa basi ni ukali wenye heshima.

Historia inathibitisha jambo hilo. Klabu ya Dar es Salaam iliyoundwa mwaka 1936 ilijulikana kwanza kwa jina la Queens, baadaye Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Nchini Kenya, klabu ya Abaluhya iliyoanzishwa mwaka 1964 iligeuzwa jina mwaka 1980, wakati serikali ilipotaka vilabu viache majina ya kikabila, ikawa AFC Leopards. Katika hali zote mbili mnyama aliletwa ili kuziba pengo: huku aliondoa jina la mkoloni, kule aliondoa jina la kabila. Ajabu ni kwamba mashabiki wa Leopards wamezoea kuiita Ingwe, yaani chui kwa Kiluyia. Kabila lililotolewa kwa mlango wa mbele likarudi kwa mlango wa nyuma, safari hii likiwa limevaa ngozi ya chui.

Huko Kongo mnyama alifuata dola. Timu ya taifa ilikuwa ikiitwa Simba kwa Kifaransa. Chini ya Mobutu, ambaye kofia yake ya ngozi ya chui ilijulikana dunia nzima, ikawa Chui. Kwa jina hilo ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1968 na tena mwaka 1974, na mwaka huohuo wa 1974 ikawa timu ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia, ambako ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0. Mobutu alipoondolewa mwaka 1997, jina la Simba lilirudishwa kwa miaka kadhaa kabla ya Chui kurejea. Na mwaka 2022 Benin, ambayo timu yake ya taifa ilijulikana kwa jina la kindi, iliamua kumwacha mnyama huyo mdogo na kujiita Duma.

3. Jina la Kujipa na Jina la Kupachikwa

Mifano yote hiyo ni ya majina ya kujipa au ya kupewa na mwenye mamlaka. Mchezaji mmojammoja ana hali nyingine, kwa kuwa lakabu yake aghalabu hutoka vinywani mwa wengine. Bondia John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na kuwa bingwa wa dunia mwaka 1989, aliitwa Mnyama kwa Kiingereza. Lakabu hiyo haina heshima ya simba wala madoa ya chui. Inabeba kitisho kitupu.

Hapa mwanafunzi wa Dadaab ana ujuzi ambao mwalimu wake huenda hana. Wasomali wana desturi imara ya lakabu, waitayo naanays, na lakabu hizo hazimwonei mtu haya. Rais Siad Barre alijulikana kwa jina la Afweyne, yaani mdomo mkubwa. Mwanasiasa mashuhuri wa Somaliland, Faysal Cali Waraabe, ana jina ambalo maana yake ni fisi, naye ameongoza chama na kugombea urais akiwa nalo. Fisi anayekataliwa na vilabu vyetu amekubalika kuwa jina la mtu, kwa sababu lakabu ya aina hiyo haimsifu mwenye nayo wala haimtukani. Inamtambulisha tu, ili asichanganywe na Faysal mwingine. Tofauti hii kati ya jina la kujisifu na jina la kutambulisha ina uzito pia katika sarufi, kama tutakavyoona.

4. Upatanisho Mara Tatu

Tuzitazame sentensi hizi:

(a) Simba ameshinda vita na nyati.
(b) Simba imeshinda mechi ya jana.
(c) Simba wameshinda mechi ya jana.

Sentensi (a) ni ya mnyama. Sentensi (b) na (c) ni za timu, na zote mbili husemwa. Katika (b) timu inatazamwa kama chombo kimoja, sawa na kusema serikali imetangaza au benki imefungwa. Katika (c) wanatazamwa wachezaji, watu kumi na mmoja wenye miguu na jasho. Ndiyo maana twaweza kusema "Simba imesajili wachezaji watatu", lakini tukielezea uchovu ni wepesi zaidi kusema "Simba walichoka kipindi cha pili".

Kivumishi cha kumiliki na kihusishi cha A-unganifu huonyesha mpaka huo waziwazi. Simba wa Tsavo ni wale waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Simba ya Dar es Salaam ni klabu. Mwenye bustani ya wanyama atasema "simba wangu", na shabiki atasema "Simba yangu". Tusidanganyike kuwa hali hii ni ile ya majina ya ujamaa kama ndugu yangu au mama yangu. Katika "ndugu yangu amefika" kimilikishi kimeacha A-WA lakini kitenzi kimebaki humo. Katika "Simba yangu imefika" vyote viwili vimehama.

Je, ni nini kilichohamisha upatanisho? Mtu aweza kujibu kwamba simba halina kiambishi cha m-, na kwa hiyo ni rahisi kuvutwa na ngeli ya I-ZI ambayo umbo lake linafanana nayo. Jibu hilo halitoshi. Timu ya Senegal huitwa Simba wa Teranga, na ya Kamerun huitwa Simba Wasiofugika. Neno ni lilelile, halina kiambishi, na bado tunasema "Simba wa Teranga wamefuzu". Tofauti ni kwamba Simba ya Dar es Salaam ni jina rasmi, ilhali Simba wa Teranga ni sifa: msemaji bado anamwona mnyama akilini. Kadhalika magazeti ya Tanzania huiita klabu ya Simba kwa lakabu ya Mnyama, na hapo upatanisho hurudi A mara moja: Mnyama ameunguruma, Mnyama amejeruhiwa. Hakuna asemaye "Mnyama imeunguruma". Klabu ileile, katika ukurasa uleule, hupata I kwa jina lake na A kwa lakabu yake.

Ushahidi wa mwisho hauhusu mnyama hata kidogo. Gor Mahia alikuwa mganga aliyevuma sana katika masimulizi ya Wajaluo. Klabu iliyochukua jina lake iliundwa mwaka 1968 na ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Twasema Gor Mahia aliogopwa, tukimkusudia mganga, na Gor Mahia ilitwaa kombe, tukikusudia klabu. Ikiwa hata jina la binadamu hupoteza A linapokuwa jina la timu, basi jambo hili halitokani na umbo la neno simba wala na aina ya kiumbe. Linatokana na nomino iliyofichwa, yaani timu au klabu, ambayo ndiyo inayotawala kitenzi ingawa haikutamkwa. Ndivyo ilivyo pia tunaposema "Jomo Kenyatta umefungwa kwa ukungu", tukikusudia uwanja wa ndege.

Kwa muhtasari: jina rasmi la timu hufuata nomino iliyofichwa, na kwa hiyo huchukua I, au WA tukiwatazama wachezaji, sifa au lakabu inayoendelea kuchora mnyama hubaki A-WA, na lakabu ya mtu mmoja hubaki A daima, kwa kuwa nyuma yake yuko mtu.

5. Wingi Uliotoka Nje

Kenya imeongeza tatizo jingine. Timu ya taifa ya raga ya wachezaji kumi na watano huandikwa Simbas, yaani neno la Kiswahili limevishwa wingi wa Kiingereza, ingawa simba katika Kiswahili halibadiliki: simba mmoja, simba kumi. Timu ya wanawake ikaitwa kwa neno la Kiingereza kabisa, Lionesses, hali Kiswahili kina simba jike. Tanzania ilichagua njia nyingine: timu yake ya taifa ya wanawake ya kandanda ni Twiga Stars, yenye jina la mnyama mrefu na mpole. Si makusudi yetu hapa kuhukumu majina hayo. Tunataka tu ionekane kwamba mwanafunzi wa Dadaab anayeandika "masimba wawili wa raga" au "Simbas wameshinda" anafuata alichokisikia, na kosa lake lina asili yake.

6. Pendekezo kwa Walimu

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kanuni ya viumbe hai ifundishwe pamoja na mpaka wake. Mwanafunzi apewe jaribio jepesi: aweke maneno "timu ya" mbele ya jina. Ikiwa maana haibadiliki, kama katika "timu ya Simba imeshinda", basi I ni sahihi. Ikiwa maana inaharibika, kama katika "timu ya simba amemla mbuzi", basi ni mnyama na A ndiyo inayotakiwa. Herufi kubwa ya mwanzo nayo imsaidie kuutambua mpaka huo katika maandishi.

Pili, Kisomali cha mwanafunzi kitumiwe kama nyenzo. Katika Kisomali libaax, simba, ni jina la kiume, na koox, timu, ni la kike. Kwa hiyo simba huchukua wuu, na timu huchukua way, kama katika "kooxdu way guulaysatay", timu imeshinda. Mtoto huyu amezoea tangu utotoni kwamba kitenzi humfuata mwenye sentensi, na kwamba timu na mnyama hawafuatwi kwa namna moja. Akionyeshwa kwamba nyuma ya neno Simba kuna neno timu, atakuwa ameelewa kwa dakika chache jambo ambalo kanuni kavu ingelimchukua muhula mzima.

Tatu, wasahihishaji wa insha wasikate alama kwa "Simba imeshinda" wala kwa "Simba wameshinda". Wakate pale tu mwandishi anapochanganya I na WA ndani ya sentensi moja bila sababu, mathali "Simba imeshinda na wamepewa kombe lake". Hilo ni kosa la mpangilio, na mzawa wa lugha pia hulifanya. Mizani iwe moja kwa mtoto wa Hagadera na kwa mtoto wa Kariakoo.