Sita au Tisa?

Kijana anayetaka kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), awe wa Kibaha au wa Kisarawe, huanza na mbio. Alfajiri anapandisha vilima, jioni pushapu. Masikio hayamjii akilini, maana tangazo lenyewe halimtishi: uwe na afya njema na akili timamu. Hiyo "afya njema" imebeba mengi.

Kijana wa namna hiyo akija kwangu kupimwa masikio, siwashi mashine kwanza. Nasimama nyuma yake asione midomo yangu, namwambia azibe sikio moja, kisha nanong'ona: nne, saba, sita, tisa. Wenye kasoro wengi nne wanaipata. Wanakwama kwenye sita na tisa. Yatazame maneno hayo: herufi ni zile zile, s na t zimebadilishana nafasi tu. Sauti hizo ni nyembamba, za masafa ya juu, na sikio lililoumizwa na kelele huanza kufa huko huko juu, karibu na hezi 4,000. Mwenyewe hajijui. Adhana anaisikia, honi ya bodaboda anaisikia. Lakini mpe redio ya mawasiliano yenye mkwaruzo, mtajie sita, ataandika tisa. Kwa askari anayepokea maelekezo ya kulenga, hilo si kosa dogo.

Baada ya hapo ndipo ile mashine, audiometa, hutoa tarakimu. Jeshi la Marekani, ambalo viwango vyake vimechapishwa, hutaka wastani usiozidi desibeli 25 kwa kila sikio katika hezi 500, 1,000 na 2,000. Kwenye hezi 4,000 huvumilia hadi 45. Sababu ya kuweka vikomo hivyo ni kwamba jeshi lenyewe lina kelele: mlio wa bunduki ya rifle hupita desibeli 140, na mlipuko mkubwa huweza kuchana ngoma ya sikio papo hapo. Watu wa upande wa Kisarawe hawajausahau usiku wa 16 Februari 2011, maghala ya silaha ya Gongo la Mboto yalipolipuka.

Wengi, hata hivyo, huharibikiwa kabla ya kuiona kambi ya JKT ya Ruvu pale Mlandizi. Sikio lililotoa usaha tangu utotoni likaachwa "litapona lenyewe". Sindano za gentamaisini zilizochomwa ovyo. Kibarua kwenye kiwanda cha chuma bila vizibo. Wengine, na hawa hunifurahisha, wana nta tu: inasafishwa, wanaondoka wakilalamika kwamba mtaa una kelele.

Kwa hiyo pima masikio miezi mitatu kabla ya usaili, uwe na muda wa kutibiwa. Ukiwa na tatizo, liseme. Ukipita kwa kubahatisha, uwanja wa shabaha utakumalizia kilichobaki. Na asubuhi ya usaili, tafadhali, usichokonoe sikio kwa njiti ya kiberiti.