Banjo na Kimya cha Dock Boggs

Albamu ya Dock Boggs, mwimbaji na mpiga banjo wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya Folkways ya New York mwaka 1964 imebebwa karibu yote na vitu viwili: koo la mzee wa miaka sitini na kitu, na banjo ya nyuzi tano aliyoipiga mwenyewe. Nyimbo zake ni za mauaji, ulevi, jela na kifo. Lakini giza la albamu hii halitoki kwenye maneno peke yake. Linatoka pia kwenye chombo.

Banjo asili yake ni Afrika Magharibi. Ndugu yake wa karibu ni akonting ya Wajola wa Senegali na Gambia: kibuyu kilichowambwa ngozi, shingo, na uzi mfupi unaogongwa kwa dole gumba. Watumwa waliendelea kuunda vyombo vya namna hiyo huko Karibiani na kusini mwa Marekani, na katika karne ya 19 wapigaji weupe wakavichukua kutoka kwao. Ngozi, kama ile ya gambusi ya zamani ya Waswahili, huipasua sauti kwa ukali kisha huiacha ife upesi. Ndiyo maana baada ya kila pigo hubaki nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo mwimbaji husikika akiwa peke yake kabisa.

Wapigaji wengi wa milima ya Appalachia hushusha kucha juu ya nyuzi. Boggs, aliyezaliwa mwaka 1898 karibu na Norton, Virginia, alidonoa nyuzi kwa dole gumba na vidole viwili, sauti moja baada ya nyingine, akiufuata wimbo wenyewe. Banjo na koo hupita njia ile ile, bila mlundikano wa sauti za kuvifunika. Mtindo huo aliujenga kwa kuwasikiliza wanamuziki weusi wa kwao. "Down South Blues" aliitoa kwenye santuri za waimbaji wanawake weusi. "Pretty Polly", kwa upande wake, ilitoka Uingereza: mwanamume anamwongoza mpenzi wake hadi kwenye kaburi alilokwisha kulichimba. Boggs anaisimulia bila kupandisha wala kutetemesha sauti, na utulivu huo unatisha kuliko kilio.

Alirekodi mara ya kwanza mwaka 1927, akarudi studio mwaka 1929, kisha mdororo wa uchumi ukakata njia. Mkewe, mcha Mungu, hakuupenda muziki huo. Banjo ikawekwa rehani, naye akachimba makaa ya mawe hadi 1954. Mwaka 1963 Mike Seeger, mwanamuziki na mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alimkuta huko Norton akiwa ameanza tena kupiga. Albamu ya 1964 ilizaliwa na rekodi walizofanya pamoja, na nyingine zikafuata kabla Boggs hajafariki mwaka 1971.