Tanzania na Kenya: Nani yuko mbele kwa wanawake kwenye siasa?

Ukitazama vyeo vya juu, Tanzania inaonekana kuiacha Kenya mbali. Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais Machi 2021. Spika wanawake tumeshapata wawili: Anna Makinda na Dkt Tulia Ackson. Kenya haijawahi kuwa na rais mwanamke, wala Spika mwanamke kwenye Bunge la Taifa.

Hata kwa idadi ya wabunge hadithi ni hiyo hiyo. Baada ya uchaguzi wa 2020, wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya Bunge la Tanzania. Kenya, baada ya uchaguzi wa 2022, walikuwa kama asilimia 23 tu ya Bunge la Taifa.

Lakini hebu ondoa viti vilivyotengwa kwa ajili ya wanawake, ubaki na majimbo peke yake. Tanzania 2020: wanawake walishinda majimbo 26 kati ya 264. Kenya 2022: majimbo 29 kati ya 290.

Yaani kote kuwili ni takriban mwanamke mmoja kwa kila majimbo kumi. Pengo lote tunaloliona linatokana na viti vilivyotengwa, na kila nchi ina njia yake ya kuvijaza.

Karatasi tatu Bagamoyo, sita Kwale

Wilaya ya Bagamoyo ina majimbo mawili: Bagamoyo na Chalinze. Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura hapa anapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mbunge wa viti maalum hayumo kwenye karatasi yoyote.

Viti hivyo (vilikuwa 113 baada ya uchaguzi wa 2020) hugawiwa vyama kulingana na kura zao za ubunge nchi nzima. Chama lazima kifikishe angalau asilimia 5. Majina hutoka kwenye orodha ya chama chenyewe. Kwa CCM, mchujo mkubwa hufanyika ndani ya jumuiya yake ya wanawake, UWT.

Sasa fuata pwani kaskazini, pita Tanga, vuka mpaka pale Horohoro. Umeingia Kaunti ya Kwale. Huko mpiga kura anapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi.

Mwakilishi wa wanawake lazima awe mwanamke, ila anapigiwa kura na watu wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Wako 47, mmoja kwa kila kaunti.

Kuna na hili la gavana. Mwaka 2022 Kwale ilimchagua Fatuma Achani, mmoja wa wanawake saba walioshinda ugavana mwaka huo. Kwetu mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, hivyo mwananchi wa Pwani hana kura kwenye nafasi hiyo, awe mwanamke au mwanaume.

Kiti ni kiti, lakini nguvu si sawa

Mbunge wa viti maalum anachangia hoja, anapiga kura bungeni na anaweza kuwa waziri. Lakini Katiba inataka Waziri Mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni, kwa hiyo yeye hapo hana nafasi. Fedha za Mfuko wa Jimbo nazo ziko upande wa mbunge wa jimbo.

Kenya, wawakilishi wa wanawake wana mfuko unaofanya kazi kwenye kaunti zao, NGAAF, kwa ajili ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Je, viti hivi vinasaidia?

Ndiyo, kwa wengi vimekuwa ngazi. Rais Samia alianza kwa viti maalum katika Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000, kisha akashinda jimbo la Makunduchi 2010. Ummy Mwalimu aliingia bungeni kwa viti maalum 2010, akashinda Tanga Mjini 2020. Mombasa, Mishi Mboko alianza kama mwakilishi wa wanawake 2013, akachukua jimbo la Likoni 2017.

Lakini ngazi hiyo inashikwa na chama. Halima Mdee alipitia viti maalum 2005, akashinda jimbo la Kawe 2010 na 2015. Aliposhindwa 2020, yeye na wenzake 18 waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum wa Chadema. Chama kikasema hakikuwapendekeza, kikawavua uanachama. Wao wakapinga na wakaendelea kukaa bungeni. Mvutano wote ulikuwa kati ya chama, Bunge na mahakama. Mpiga kura hakuwa na pa kusemea, kwa sababu hakuwahi kuwapigia kura kwenye viti hivyo.

Kenya nayo ina deni

Katiba yake ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Sheria ya kutekeleza hilo bungeni ilikwama mara kadhaa. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais Uhuru Kenyatta alivunje Bunge kwa kosa hilo. Bunge halikuvunjwa.

Kwa hiyo nani yuko mbele?

Kwa idadi, Tanzania. Kwa mwananchi kumchagua mwenyewe mwanamke anayekalia kiti kilichotengwa, Kenya.

Kwenye majimbo, hakuna wa kumcheka mwenzake. Na huko kazi inaanza kabla ya siku ya kura, kwenye kura za maoni na vikao vya uteuzi vya vyama. Jina la mwanamke likikatwa huko, wewe hutaliona kwenye karatasi. Kama una kadi ya chama, hapo ndipo pa kuuliza: wagombea wetu wa majimbo, wanawake ni wangapi?