Mtazamo Usitoke Kwenye Miwani

Ndani ya Apple Vision Pro, miwani iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, kuna taa ndogo za infraredi na kamera zinazofuatilia macho ya mvaaji. Ukitaka kufungua programu unaitazama tu, kisha unagusanisha kidole gumba na cha shahada. Ni wepesi wa kupendeza, lakini jicho huruka huku na huko mara kadhaa kwa sekunde, mara nyingi kabla mwenyewe hajatambua, na mboni hutanuka akili inapofanya kazi nzito. Simu hujua ulichobonyeza. Miwani inaweza kujua hata ulichokitamani ukakiacha.

Ndiyo maana naona kuomba ruhusa hakutoshi. Miwani ya Meta Quest Pro ya mwaka 2022 haifuatilii macho mpaka mtumiaji akubali, ila akishakubali, programu aliyoiruhusu hupewa mwelekeo wa mtazamo wake. Anakubali nini hasa, ilhali hawezi kuyazuia macho yake? Apple walichagua njia iliyo bora: mfumo wenyewe hukoleza kitufe kinachotazamwa, na programu huarifiwa pale tu vidole vinapogusana.

Hata ukuta huo ulikuwa na ufa. Kwenye simu ya video, mvaaji huwakilishwa na sura ya kidijitali ambayo macho yake huiga ya mwenyewe. Mwaka 2024 watafiti walionyesha shambulio waliloliita GAZEploit: mtu akiandika kwa kutazama herufi za kibodi, anayeangalia ile sura anaweza kukisia alichoandika. Katika majaribio yao, nywila zilipatikana ndani ya makisio matano kwa takriban asilimia 77. Julai mwaka huo Apple waliziba ufa kwa kuisimamisha sura kila kibodi inapofunguliwa. Kwa hiyo chochote kinachobeba mwendo wa macho, hata picha ya kuchora, kilindwe kama macho yenyewe.

Wapo wanaosema kwamba bila mtazamo picha haziwezi kuchorwa vizuri, kwa kuwa kompyuta hutia undani pale tu jicho linapotua. Ni kweli, lakini kazi hiyo inaweza kufanywa na mfumo wa miwani pasipo programu kuambiwa lolote. Mtafiti wa tiba anayehitaji mwendo wenyewe wa macho aombe ridhaa ya utafiti huo pekee, kwa muda unaojulikana. Duka la mtandaoni halina haja hiyo, na lisipewe.