Fainali nne zapigwa Kigali, jezi ya Afrika Mashariki haijaonekana hata moja

Machi 9, 2024, katika uwanja wa SunBet Arena mjini Pretoria, wachezaji wa Dynamo ya Bujumbura waliingia kucheza wakiwa wamebandika utepe kwenye jezi zao. Chini ya utepe huo kulikuwa na maneno ya mdhamini wa mashindano, Visit Rwanda. Walicheza hivyo hivyo na wakaifunga Cape Town Tigers ya Afrika Kusini 86–73.

Siku iliyofuata waliambiwa utepe utoke. Dynamo, kwa msimamo uliotoka nyumbani, wakakataa, na mechi yao dhidi ya FUS Rabat ya Morocco haikuchezwa. Ilipofika zamu ya kukutana na Petro de Luanda ya Angola wakakataa tena. Kanuni za mashindano hazina huruma kwa jambo hilo: ukisusa mechi mbili, umejiondoa. Timu ya kwanza ya Burundi kufika Ligi ya Kikapu ya Afrika, ile inayofahamika zaidi kwa herufi BAL, ikafunga mabegi ikiwa na ushindi mmoja na bila kipigo chochote cha uwanjani.

Kwa mtu aliyezoea kuvusha ndagala kutoka Bujumbura kwenda Rwanda kupitia Kanyaru, habari ile haikuwa ngeni. Yeye alikuwa amekwama tangu Januari mwaka huohuo, Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda ikiituhumu kuwasaidia waasi wa RED-Tabara, tuhuma ambazo Kigali ilizikana. Samaki hawakupita, na miezi miwili baadaye ikawa zamu ya mpira.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu historia ya fainali za BAL, ukiisoma ukiwa umesimama mpakani, haifanani na ile inayosimuliwa na watangazaji wa televisheni. Wao watakwambia juu ya vikapu vya pointi tatu. Huku kwetu kuna hesabu nyingine: katika misimu mitano ya kwanza, fainali nne zilichezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katika zote hizo hakuna klabu ya Jumuiya iliyocheza fainali.

Ligi yenyewe ilitangazwa Februari 2019 kwa ushirikiano wa NBA ya Marekani na FIBA, shirikisho la kikapu duniani. Kabla yake Afrika ilikuwa na kombe la mabingwa wa klabu kwa miongo mingi, na aliyelibeba mara nyingi kuliko wote ni Primeiro de Agosto ya Luanda, mara 9. Jipya lilikuwa fedha, televisheni na jina la NBA. Msimu wa kwanza ulipangwa kuanza Dakar Machi 2020. Kila mfanyabiashara anakumbuka Machi ile ilivyokuwa. Corona ikafunga viwanja, mipaka na maduka kwa pamoja.

Rwanda ikaona nafasi. Ilikuwa na ukumbi mpya pale Remera, jirani na Uwanja wa Amahoro, wenye viti 10,000, uliofunguliwa Agosti 2019 baada ya mafundi wa kampuni ya Kituruki kuusimamisha kwa takriban nusu mwaka. Wakati huo ukiitwa Kigali Arena. Tangu 2022 jina la benki limeingia na sasa ni BK Arena. Timu zote 12 zikaletwa mji mmoja, zikafungiwa hotelini, zikapimwa corona kila mara, na Mei 16, 2021 mpira ukarushwa.

Mechi ya ufunguzi wenyeji Patriots waliifunga Rivers Hoopers ya Nigeria 83–60. Dunia nzima ilizungumza kuhusu mchezaji mmoja tu wa Patriots, J. Cole, mwanamuziki wa Marekani, aliyecheza mechi tatu kisha akaondoka. Wengi hawakusubiri kuona kilichofuata, nacho kilikuwa na maana zaidi. Patriots walivuka robo fainali kwa pointi mbili, 73–71 dhidi ya Ferroviário de Maputo, wakaingia nusu fainali wakiwa na matumaini ya mji mzima mgongoni. US Monastir ya Tunisia ikawafunga 87–46, na mechi ya mshindi wa tatu Petro ikawamaliza 97–68. Fainali ya Mei 30 ikawa ya Waarabu wa kaskazini watupu: Zamalek ya Cairo 76, Monastir 63.

Sasa tazama ramani ya siku ile. Kutoka Kampala hadi Kigali ni safari ya basi ya siku moja, kupitia Kabale hadi Katuna, ambayo upande wa pili huitwa Gatuna. Lakini Gatuna ilikuwa imefungwa tangu Februari 2019, mwaka mzima kabla ya corona, kwa ugomvi wa serikali mbili. Malori yalizungushwa, wachuuzi wadogo wakabaki na mizigo yao. Kwa hiyo fainali ya kwanza ya kulipwa ya kikapu kuchezwa katika eneo letu ilichezwa saa chache kutoka kwa mashabiki wa Uganda, na Mganda wa kawaida hakuwa na njia ya barabara ya kuifikia. Mmisri alifika kwa ndege.

Gatuna ilifunguliwa Januari 31, 2022, kwanza kwa malori, kisha Machi kwa wasafiri. Msimu wa pili ulikuwa na sura mpya pia. Makundi yaligawanywa, moja Dakar na jingine Cairo, na Kigali ikabaki na hatua ya mwisho. Mwaka huo ndio uliokuwa na sura nyingi za kwetu: REG ya Rwanda, timu ya shirika la umeme, Cobra Sport ya Juba, na Espoir Fukash ya Lubumbashi, mji ambao Kiswahili chake kinatambulika hata ukiwa umefumba macho. Cobra na Fukash walipangwa Cairo na wakaishia huko. REG ilivuka kutoka Dakar na kurudi nyumbani kwa robo fainali, ukumbi umejaa, na ikapoteza kwa FAP ya Cameroon 66–63. Pointi tatu, yaani mtupo mmoja kutoka mbali. Mei 28 Monastir wakamaliza kiu yao ya mwaka uliotangulia kwa kuifunga Petro 83–72.

Hapa inafaa kueleza jambo kwa wasiofuatilia sana kikapu. Huko Marekani, ambako fainali za ligi kuu zimechezwa tangu 1947, bingwa ni yule anayeshinda mechi nne kati ya saba. Ukiteleza leo, keshokutwa unajirekebisha. Fainali ya BAL ni mechi moja ya dakika 40, basi. Gharama za kuzisafirisha timu Afrika haziruhusu zaidi. Mfumo huo ungepaswa kuwasaidia wanyonge, kwa kuwa katika mechi moja lolote hutokea. Lakini angalia orodha ya waliofika: Petro imefika nusu fainali katika misimu yote mitano. Hiyo si bahati. Ni klabu yenye mkono wa kampuni ya mafuta ya taifa nyuma yake, na ligi ya nyumbani inayocheza kwa miezi mingi. Zamalek na Al Ahly ni klabu za karne nzima zenye wanachama na majengo yao. Timu zetu nyingi hukusanywa wiki chache kabla ya mchujo, na mchezaji wa kigeni hukodiwa kwa msimu kama lori la kubebea mavuno.

Mwaka 2023 Uganda iliingia kwa mara ya kwanza, kupitia City Oilers ya Kampala. Kundi lao likachezwa Cairo, nao hawakuvuka. Walirudi tena 2024, Cairo tena, matokeo yaleyale. Misimu miwili ya BAL, na City Oilers hawakufika kwenye hatua ya mwisho iliyokuwa inachezwa siku moja ya basi kutoka kwao. REG nayo ikatolewa robo fainali kwa mara ya pili mfululizo. Ubingwa ulikwenda kwa Al Ahly ya Cairo, walioifunga AS Douanes ya Senegal 80–65 Mei 27.

Katika fainali hiyo, hata hivyo, kulikuwa na kitu chetu. Mchezaji bora wa msimu alikuwa Nuni Omot wa Al Ahly, aliyezaliwa Kenya katika familia ya wakimbizi waliotoka Ethiopia, akakulia Marekani na sasa anaichezea timu ya taifa ya Sudan Kusini. Mwaka uliofuata mchezaji bora alikuwa Jo Lual-Acuil, naye mwenye asili ya Sudan Kusini, akiichezea Al Ahly ya Benghazi. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya tangu 2016. Watu wetu basi wanafika fainali, ila wanafika wakiwa wamevaa nembo ya mwingine. Wauzaji wa kahawa na ngozi wanaielewa biashara ya namna hiyo kuliko mimi.

Tukirudi 2024: Petro waliendelea hadi Kigali na Juni 1 wakaifunga Al Ahly ya Benghazi 107–94. Kwa mara ya kwanza kombe likavuka kusini mwa Sahara. Rwanda yenyewe, safari hii ikiwakilishwa na APR, timu ya jeshi, haikufika hatua ya Kigali kabisa. Wenyeji walikuwa wauza maji, wenye hoteli, wenye teksi na wapanga viti. Sisemi hilo kwa kejeli, maana wiki za BAL zimewapa watu kipato halali, na mama anayeuza kitenge karibu na Remera hamuulizi mteja anashangilia nani. Ila kumpikia mgeni si sawa na kuketi naye mezani.

Na Tanzania? Mpaka msimu wa 2025 unakwisha, hakuna klabu ya Tanzania iliyokuwa imecheza BAL. Mabingwa wa nchi chache huingia moja kwa moja. Wengine, na nchi zetu nyingi zimo humo, hupita kwenye mchujo mrefu unaowataka wasafiri nchi mbili au tatu kwa mfuko wao. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuangalia, kabla hatujalaumu urefu wa vijana wetu. Jumuiya ina soko la pamoja kwenye karatasi, ina vituo vya pamoja vya forodha kama Rusumo, lakini haina ligi ya kikapu ya kulipwa inayowakutanisha Kampala, Kigali, Nairobi, Dar es Salaam, Bujumbura na Lubumbashi wiki hadi wiki. Timu zetu hukutana kwenye mchujo, mmoja anamtoa mwenzake, wanaachana hadi mwaka mwingine. Ligi kama hiyo inahitaji basi la wachezaji lipite Kanyaru na Gatuna mara nyingi kwa msimu bila mtu kuuliza habari za jana baina ya marais. Si jambo dogo.

Shabiki, kwa upande wake, ana njia kuliko timu. Mkenya na Mganda wanaweza kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mtanzania anayepitia Rusumo anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Ukienda kuchukua mzigo Kigali wakati wa mashindano, mechi za jioni huisha usiku, na mji ule hauna shida ya usalama wa kutembea. Shida ni chumba cha kulala, kitafute mapema.

Msimu wa 2025 Kigali ilibaki na kundi moja tu mwezi Mei, na hatua ya mwisho ikahamia Pretoria. Kundi hilo lilileta timu ya kwanza ya Kenya, Nairobi City Thunder, ikipambana na APR katika BK Arena, majirani kwa majirani hatimaye, ndani ya ukumbi mmoja na kwa kombe la bara. Thunder hawakuvuka. APR wakavuka na kusafiri kusini, katika ukumbi uleule ambako utepe wa Dynamo ulikuwa umebandikwa mwaka mmoja nyuma.

APR walikwama nusu fainali, kama Patriots miaka minne kabla. Tofauti ilikuja katika mechi ya mshindi wa tatu. Mwaka 2021 Patriots, mbele ya watu wao, walipoteza kwa tofauti ya pointi 29. Mwaka 2025 APR, ugenini, waliifunga Al Ittihad ya Alexandria 123–90. Ni nafasi ya juu kuliko zote iliyowahi kufikiwa na klabu ya Afrika Mashariki katika misimu hiyo mitano, nayo ilipatikana mwaka ambao fainali haikuwa Kigali. Juni 14 ikachezwa mechi kubwa: Al Ahli Tripoli 88, Petro de Luanda 67, na kombe likarudi kaskazini, Libya kwa mara ya kwanza. Mpaka wa Kanyaru siku hiyo ulikuwa bado umefungwa.