Hesabu ya Programu Zisizolipiwa

Mwaka 2018 jumuiya ya makampuni ya programu za kompyuta iitwayo BSA ilitoa makisio yake ya dunia nzima (nayo, tusisahau, ni makisio ya wauzaji wenyewe), ikasema kwamba katika mwaka uliotangulia programu 37 katika kila 100 zilizotiwa kwenye kompyuta hazikuwa na leseni. Marekani 15, China 66, Kenya 74, Libya 90. Mwenye haraka atazisoma tarakimu hizi kama mizani ya uaminifu, Mmarekani akatoka mwadilifu na Mlibya mwizi, ilhali kwa rai yangu zinapima zaidi umbali uliopo baina ya bei na mshahara, na njia ambayo kompyuta imepita hata ikamfikia mtu.

Nilipoipeleka kompyuta yangu kwa fundi, nayo ilikuwa imekwisha tumika ng'ambo kabla ya kunifikia, kijana alichomeka flashi iliyoning'inia pamoja na funguo zake, akaniuliza, “Mzee, nikupigie Windows na Office kabisa?” Alipokwisha alitaka ijara ya mkono wake tu, programu yenyewe haikutajwa, kama vile muuza maji asivyomdai mtu bei ya mvua. Nami, ninayeandika haya, sikuuliza.

Marekani aghalabu kompyuta hununuliwa mpya, leseni ikiwa imekwisha jumuishwa katika bei, hata mnunuzi hana habari kwamba amelipa. Uadilifu wa namna hiyo haumtaabishi mtu. Sheria nayo ina sehemu yake, lakini Kenya ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na kiwango ndicho hicho. La ajabu ni kwamba kwa thamani ya fedha Wamarekani hao hao ndio walioongoza, kwa programu zisizolipiwa za dola bilioni 8.6, maana kompyuta zao ni nyingi mno.

Februari 2007, mjini Bucharest, Rais Traian Băsescu wa Romania alimwambia Bill Gates, mwasisi mwenza wa kampuni ya Windows, hadharani kwamba uharamia wa programu ndio uliowafungulia vijana wa nchi yake mlango wa kompyuta, maneno ambayo mgeni aliyekuja kufungua kituo cha kampuni yake huenda hakutazamia kuyasikia.

Nilimwuliza fundi wangu mbona hawatilii watu Linux badala ya Windows, isiyo na malipo wala dhambi. Alicheka. Aliwahi kumtilia mwalimu mmoja, akasema, naye akarudi siku ya tatu amefura, kwa kuwa majedwali ya alama aliyoletewa kutoka ofisini yalifunguka yamekwenda upande.