Samaki nao wanachanjwa?

Mfugaji mmoja hapa Mogitu kaniuliza: "Mtaalamu, kuku nawachanja kideri, samaki je?" Chanjo ipo. Kule Norwei salmoni huchomwa sindano tumboni wakiwa wadogo, mmoja mmoja, na tangu 1987 matumizi yao ya antibiotiki yameshuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hata sato wana chanjo ya streptokokasi, ule ugonjwa wa macho kutoka nje na kuogelea kwa kuzunguka. Ila ugonjwa huo hupenda maji ya joto. Sisi chini ya Mlima Hanang maji ni baridi. Kwa bwawa la sato 300 sindano haikulipi, nakwambia ukweli. Nunua vifaranga kwenye kituo kinachoaminika, wavu wa kuazima uanike juani kwanza, na samaki aliyekufa mtoe siku hiyohiyo, umfukie mbali na maji.